Mashahidi Wawili Mikononi Mwangu

Saa janja yangu ya kwanza ilikuwa mwongo, na kauli hiyo siifuti hata leo. Asubuhi moja nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi za wali wa hitima, sikunyanyuka hata mara moja, na nilipomaliza ikarusha mafataki kwenye kioo chake ikinipongeza kwa matembezi marefu. Siku hiyo hiyo nikatoka kisimani na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishikilia, jasho linanitiririka mgongoni. Nilipoitua ndoo saa ikatetemeka: nimekaa mno, ninyanyuke nijinyooshe. Niliitukana tusi ambalo sijapata kumtukana binadamu.

Mama yangu, aliyekuwa akinitazama kutoka jikoni, aliiita pingu.

"Umejifunga pingu mwenyewe," alisema, "na askari wako kipofu."

Nilikuwa na sababu ya kujifunga. Mimi ni fundi cherehani hapa Kirongwe, kijiji cha kisiwani, nimevuka miaka arobaini, na kwa muda mrefu nilikuwa nachoka kwa namna nisiyoielewa. Uchovu wa kazi naujua, ukilala unakwisha. Huu ulikuwa unanisubiri nikiamka. Nikienda shambani miguu inakuwa mizito, nikiinuka kutoka sijida dunia inazunguka kidogo kisha inatulia. Kila mtu alikuwa na jibu lake: unene, umri, kukaa kwenye cherehani kutwa. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, mwanamke asiyejua kukaa kimya wala kukaa chini, akaniingiza kwenye kundi la wanawake wanaotembea kila siku baada ya sala ya alfajiri. Wao walikuwa wakienda wanacheka. Mimi nilibaki nyuma, na kila nilipoishiwa nguvu nilisimama nikajifanya nafunga kanga upya.

"Wifi, kanga gani hiyo isiyokaa kiunoni?" aliniuliza siku moja mbele ya wenzake.

"Si ile uliyonipa wewe," nikamjibu. Wakaangua kicheko, nami nikapata muda wa kupumua.

Chini ya kicheko nilikuwa na hofu. Baba yangu alifariki barazani kwetu mchana kweupe, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuugua hata mafua. Tangu siku ile nimekuwa nikiuogopa moyo wangu kama mtu anavyomwogopa mpangaji anayeweza kuhama bila kuaga. Nilitaka kitu cha kuuchunga, kinishtue kabla haujaondoka. Ndiyo maana nilivaa ile saa janja, na ndiyo maana uongo wake uliniuma.

Kosa la kuhesabu hatua ningelisamehe. Kilichonishinda ni mapigo ya moyo. Ile saa ilishikilia kwamba moyo wangu unapiga mara thelathini na nane kwa dakika. Wifi, ambaye naye alikuwa na yake, ilimwandikia sabini na kitu akiwa amekaa, na tukitembea ilipanda juu zaidi. Yangu niende nirudi, nikimbie nilale, ni thelathini na nane, arobaini, basi. Mara nyingine ilionyesha vistari viwili tu, kana kwamba imeona haya. Nilisema moyoni: hii si ndiyo iliyodhani kukuna nazi ni matembezi? Njia ya mwongo ni fupi. Nikaichukua nikapanda gari mpaka mjini Kilindoni, dukani nilikoinunua.

Muuza duka alikuwa kijana mstaarabu kutoka bara, anauza simu na kila kinachochajiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saa yako mbovu."

Akaipokea, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa. Tukangoja. Sabini na mbili.

"Mbona nzima, mama?"

"Inakujua wewe. Mimi hainipendi."

Akacheka, akanivisha mwenyewe, akaukaza mkanda mpaka ukanibana. Thelathini na nane. Kicheko kikakatika. Alinitazama kidogo zaidi ya anavyotazamwa mteja, kisha akageukia rafu zake akaanza kupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nadhani alijua, au alihisi, ila mtu atamwambiaje mama wa watu jambo kama lile juu ya kaunta?

Saa ile hakukubali nimrudishie, kwa kuwa haikuwa na kosa. Akaniletea nyingine ya kampuni tofauti, nene, nyeusi, mbaya kwa sura. "Hii haina utani, mama," akasema. Nikaipenda kwa ubaya wake, nikainunua. Nilisema kitu kisichojipamba huenda hakisemi uongo. Nikaitia ile ya kwanza mkobani, na njia nzima ya kurudi Kirongwe nikawa naisimanga kimyakimya.

Mama alikuwa uani, amekaa mkekani akisuka ukili. Nikaketi karibu yake nikaivaa saa mpya. Ikafikiri. Taa yake ya kijani ikanimulika kwenye ngozi, ikazima, ikawaka tena. Thelathini na saba.

Sikutukana. Hasira yote niliyotoka nayo Kilindoni ilimwagika mara moja kama maji ya mtungi uliopasuka. Nikaitoa saa ya zamani mkobani, nikaivaa mkono wa pili, nikaiweka mikono yote miwili mapajani nikaitazama. Huku thelathini na saba, huku thelathini na nane. Zikabadilishana. Zikakubaliana.

"Leo pingu mbili?" mama akauliza.

"Zinasema jambo moja, mama."

"Si ulisema ile ni mwongo?"

"Ndiyo."

"Na hii imetoka wapi?"

"Kampuni nyingine. Hata nchi ni nyingine."

"Zinajuana?"

"Hazijuani."

Mama akaacha kusuka. Nilimwona akilitafuta neno, naye si mtu wa kutafuta maneno. "Mwanangu," alisema, "hapa kwetu wakija watu wawili, huyu katoka kusini, huyu katoka kaskazini, hawakuonana njiani, wote wakasema wameuona mwezi, sisi tunafunga. Hatuwaulizi jana walidanganya nini sokoni."

Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kunieleza. "Baba yako naye alikuwa anasimamasimama."

Nilikuwa nakumbuka, ila nilikuwa nakumbuka vibaya. Tukienda shambani na baba, alikuwa akifika kwenye mnazi fulani anaegemeza mkono kwenye shina na kuinua uso. Tukimwita anasema, "Natazama nazi." Watu walimsifu kuwa ni mwenye shamba hodari, anayejua kila karara la kila mnazi. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Yeye alikuwa na mnazi wake, mimi nilikuwa na kanga yangu. Mama alipomaliza kusema, ukili ulimponyoka mkononi, na ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa, pengine tangu zamani kuliko mimi.

Kesho yake tulikuwa hospitali ya Kilindoni, mimi, mama na wifi ambaye safari hiyo hakutania. Daktari hakutaka kuziona saa zangu. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akatazama saa ya ukutani, midomo ikimchezacheza. Nikahesabu shahidi wa tatu. Wakanibandika nyaya kifuani, karatasi ndefu ikatoka na milima na mabonde yake, na daktari akanieleza taratibu. Moyo una vyumba vya juu na vya chini. Vya juu ndivyo vinavyotoa amri, vya chini vinaitikia. Kwangu njia ya amri ilikuwa imekatika. Vya juu vinaita, vya chini havisikii.

"Sasa nani anaviambia vipige?" nikamuuliza.

"Hakuna. Vimeamua vyenyewe. Vinapiga polepole ili usianguke."

Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo nywele zinanisimama. Mimi nashona madera ya watu, nalalamikia bei ya uzi, nagombana na saa, na ndani ya kifua changu kuna kitu kisichosikia wito wowote lakini hakikuacha kazi. Hakikulipwa, hakikushukuriwa, na mwenyewe niliyekuwa nacho nilikuwa nikikishuku kuwa kitanitoroka.

Dar es Salaam, nilikopelekwa kwa rufaa, walinilaza ubavu, chumba kina baridi, daktari mwanamke akanipaka kitu cha ubaridi kifuani na kunigeuzia kioo cha mashine. "Huyu hapa," alisema. Nilidhani nitaona kitu mfano wa picha za vitabuni. Niliona kiumbe. Kuta zake zilikuwa zikikaribiana na kuachana, na katikati vilango viwili vyembamba, vyembamba kuliko hariri yoyote niliyowahi kuipitisha chini ya sindano, vinafunguka, vinafunga, vinangoja. Vinangoja sana. Kisha tena. Daktari akafungua sauti, chumba chote kikajaa mvumo wa damu yangu mwenyewe. Nilisema Subhanallah mpaka ulimi ukakauka. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo na sikuwahi hata kumsabahi.

"Shikamoo," nikasema.

"Unamwamkia nani, mama? Mimi ni mdogo kwako."

"Simwamkii mwanadamu. Naamkia moyo."

Alicheka, lakini hakuharakisha kuzima kioo. Aliniachia nitazame.

Wakanipandikiza betri ya moyo, kidude kidogo chini ya ngozi karibu na bega, na waya unaopeleka amri pale ambapo njia ilikuwa imekatika. Niliamka siku hiyo nikaona rangi. Sijui niseme vipi vingine. Shuka lilikuwa jeupe zaidi, sauti za wauguzi ziko karibu zaidi, na viganja vyangu, ambavyo kwa muda mrefu vilikuwa baridi, vilikuwa na joto. Nikalia kwa furaha bila kujificha.

Kirongwe walinipokea kwa maulidi na utani. Wifi akatangaza kwamba sasa natumia betri, nisisahau kuchajiwa. Saa ya pili naivaa mpaka leo, na bado ni mwongo kwenye nazi, afadhali kidogo kuliko mwenzake. Ile ya kwanza nilitaka kumpa wifi, mama akakataa. Aliifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini pamoja na vitu vya baba.

Nilipopata ruhusa ya kutembea mbali, mimi na mama tulikwenda shambani. Nilitangulia. Nilipanda njia ile ile bila kusimama, pumzi iko mahali pake, na kila hatua nilikuwa nasubiri ule uzito wa miguu nao haukuja. Nikaufikia mnazi wa baba. Mkono ukaenda wenyewe kwenye shina, nikainua uso. Makuti yalikuwa yanapigana taratibu, jua linapenya katikati yake, na chini ya betri, chini ya ngozi, niliusikia moyo wangu ukiitika. Ukiitwa, unaitika. Ukiitwa, unaitika. Nilisimama pale nimeshangaa kama niliyeletwa duniani muda ule.

"Umechoka?" mama akaniita kwa nyuma.

"Hapana, mama. Natazama nazi."

Lilinitoka kabla sijalifikiria. Nikasikia kikapu alichobeba kikianguka. Mama yangu, ambaye kwa magoti yake hatembei bila kulalamika, alikuja mbio, akanikamata mkono, akaigeuza ile pingu kuelekea kwake na kuisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena. Sabini na moja. Aliisoma kwa sauti, akangoja ibadilike, akaisoma tena.

Hakuuachia mkono wangu. Aliinua uso naye, akatazama juu pale baba alipokuwa akitazama.

"Kweli," alisema. "Zimekomaa."