Kati ya Ulanzi na Ulezi

Aliyehusika ni baba yangu mdogo. Nalitamka hilo mwanzoni ili marehemu shangazi yangu wa Kihesa asibebeshwe lisilo lake.

Juzi basi liliposimama Nyololo, harufu ya ulanzi iliingia dirishani, tamu yenye uchachu, ikanirudisha utotoni. Wageni huyachanganya majina haya, hivyo niyaweke sawa. Ulanzi ni maji ya mlanzi, mwanzi wa huku Iringa, yanayodondoka wakati wa mvua chipukizi linapokatwa ncha. Kinywaji kimechukua jina la mmea. Ulezi ni nafaka ndogo nyekundu ya uji, tuliyoilima kwetu milimani Mbeya. Wapo wanaosema jina hilo limetokana na kulea, sijaona ushahidi. Majina yanafanana, lakini undugu hayana.

Baba mdogo alinipeleka Kihesa, huku Iringa, kwa shangazi, mama akiwa mgonjwa. Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Ulanzi ukikauka, mama yako atakuja kukuchukua."

Kila asubuhi nilichungulia mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga matone, nikitamani nikikute kikavu. Watoto wa shangazi walikunywa wakalamba midomo.

"Huyu wa Mbeya anauombea mabaya ulanzi wetu," walinicheka. "Mama, mnyime."

"Mwacheni mwenzenu," alisema shangazi, akatazama pembeni.

Ulanzi ulikauka. Baba mdogo akaja peke yake, na mfuko wa ulezi begani.

"Mama yako yuko shambani, anavuna," alisema. "Huu amekupuria kwa mikono yake. Akimaliza, atakuja."

Uji wa ulezi ule niliunywa polepole, peke yangu nyuma ya jiko, nisimwonjeshe mtu. Niliamini kwamba mikono ya mama imeugusa.

Niliporudishwa Mbeya, kaburi lilikuwa limekwisha kuota nyasi. Mama alizikwa kabla tone la kwanza halijaingia kwenye mbeta. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoelewa shangazi alikuwa anatazama nini pembeni.

Baba mdogo yu hai. Katika vikao vya ukoo hujisifu kwamba alimlinda mtoto. Namtaka rasmi, katika kikao kijacho, asimame mbele ya wote aeleze ulezi ule ulipurwa na nani.