Kipa wa Kwenye Kava la Simu

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Zhanxi, Guangzhou, anakaa mchoraji wa Kichina anayewachora Waafrika wanaopita. Anawavalisha jezi, kisha sura zao zinauzwa dunia nzima kwenye makava ya simu, kofia na mikoba. Aliyenipa habari hiyo ni mbeba mizigo Mkongo, naye aliapa kwamba bondia wa kwenye kikombe fulani ni binamu yake. Sikuuliza swali hata moja.

Sababu ninayo. Kaka yangu alitangulia Guangzhou kununua viatu, baadaye akanyamaza. Namba haipatikani, na mama kule Tabora hapati usingizi. Mdomoni nilikuja kwa biashara ya nguo. Moyoni nilikuja kumtafuta.

Basi siku moja, dukani, nikamwona. Yuko kwenye kava la simu, amechorwa kwa rangi hadi jasho lake lilitaka kunilowesha: kipa, glavu mikononi, sikio la kushoto limechomoza kiasi cha kutundikia koti. Kaka mtupu! Ndiye aliyeidakia timu ya kata yetu, na sikio ni lile lile ambalo upepo ukivuma lilikuwa linampeleka nje ya goli.

"Laoban," nikamwita mwenye duka, kama tunavyowaita mabosi wote kule, "huyu yuko wapi?" Nikaigonga picha kwa kidole.

"Meiyou!" Hakuna. Alidhani nataka mzigo zaidi. Akanisogezea mcheza tenisi. "Huyu yupo. Mwingi!"

Nikanunua lile moja. Tangu hapo asubuhi zangu zikawa za darajani. Walipita watu wengi kuliko mchanga, mikokoteni ikanikanyaga vidole vyote na vya jirani, wala sikuona aliyeshika brashi. Jioni nilikula peke yangu kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, kava nimeliegemeza kwenye chupa ya pilipili, nikimpa kaka habari za siku: bei, mvua, nyumbani. Mwanzoni mhudumu aliuliza kama nasubiri mtu. Baadaye akaacha kuuliza, akawa analeta tu vijiti vya kulia vya watu wawili. Wema ule uliniuma kuliko njaa.

Hapo ndipo aliponikuta mama mmoja wa Kizanzibari ambaye tulikuwa tunachangia kontena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni, waongea na kava tupu?"

"Naongea na kaka. Wamemchora."

Nikamweleza yote, mchoraji na daraja lake. Nikacheka ili naye acheke. Hakucheka. Akavuta kiti, akalichukua kava na kuligeuza kwenye mwanga.

"Hakuna mchoraji darajani, mwanangu. Wachoraji wako kiwandani. Wapewa picha ya mchezaji mashuhuri, waambiwa wabadilishe pua kidogo, na masikio hasa, ili mwenyewe asije akawashitaki. Basi anatoka mtu asiye yeye wala mwengine, na kila atazamaye humwona wake. Mimi nilimwona marehemu mume wangu kwenye kofia. Huyu si kakako."