Mabao Yangu, Kuanzia la Mwisho Hadi la Kwanza

Juzi wajukuu zangu nusura washikane mashati sebuleni kwangu, hapa Ng'ambo, kwa sababu ya gemu. Wana ile mashine ya kuchezea mpira kwenye televisheni, na kumbe mpira huo hutolewa mpya kila mwaka, miaka nenda miaka rudi. Sasa wanabishana upi ulikuwa mtamu kuliko yote. Mmoja anaapa ni ule wa zamani. Mwenzake anamwambia huo wachezaji wake wanakimbia kama wamebeba magunia. Mimi nilikuwa napepeta mchele, kelele zikanizidi, nikawafokea. Yule mdogo akanigeukia na sauti ya kumhurumia mtu: "Kwani bibi, enzi zenu mlikuwa na gemu gani?"

Nikamwambia tulikuwa na bao. Akacheka. Hee! Nikaweka ungo chini. Nikamwambia bao halikuwa moja, kila mahali lilikuwa na la kwake, na mimi nayajua yapi yalikuwa matamu na yapi yalikuwa maji ya kuoshea vyombo. Wakarudi kwenye mashine yao, wakaniacha na mabao yangu kichwani. Basi ngoja nikupangie wewe, ndugu yangu, maana najua una subira kuliko wao. Ukitaka kubisha, bisha.

La mwisho kabisa, bila kufikiria mara mbili, ni bao la mwalimu wetu wa siasa. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, shule yetu ina shamba la pamba na wimbo wa kila asubuhi, na mwalimu huyu alikuwa kijana mwenye moyo safi sana. Siku moja akatukuta tunacheza bao nyuma ya darasa, mwenzangu ananipigia kelele kwamba amenila kete zote. Mwalimu akasikitika kweli. Akasema kula kete za mwenzio ni unyonyaji. Akatutungia bao lake: kete unasambaza, unazunguka, unasambaza tena, lakini huli. Wote mnamiliki kete zote kwa pamoja. Tulicheza, tukazunguka, tukazunguka, hakuna aliyefunga wala kufungwa, na kengele ilipolia hatukujua kama tumemaliza au ndiyo tunaanza. Mwalimu alifurahi. Sisi tulikuwa tunapiga miayo hadi machozi. Nilimpenda mwalimu yule, lakini bao lake, jamani, hapana.

Juu yake naweka bao la karanga. Hili ni la sisi watoto, tunachimba vishimo kwa kisigino kwenye vumbi, kete zetu ni karanga mbichi tulizopewa tubangue kwa ajili ya mbegu. Utamu wake ni kwamba ukila, unakula kweli. Ubaya wake ni kwamba mchezo hauwezi kufika mbali, kete zinapungua, na mama akija kupima mbegu zake mnakuwa na maelezo ya kutoa. Lakini ile ladha ya karanga yenye vumbi kidogo, umeishinda kwa akili yako, mpaka leo sijaipata kwenye karanga yoyote ya dukani.

La tatu, au tuseme la pili kutoka juu, ni bao la Kiswahili la hapa mjini. Mama alikuwa akija kuuza kunde, nami nabeba kapu dogo, na tulikuwa tukipumzika kando ya kibaraza cha fundi cherehani mmoja, mzee wa kanzu na kofia. Kati ya alasiri na magharibi wazee walikusanyika pale, ubao wa mninga umeng'aa kwa kushikwashikwa, kahawa chungu inazunguka. Wale walicheza kwa mdomo kuliko kwa mkono. "Kula hiyo! Unaiogopa? Itakuuma?" Fundi mwenyewe hakuacha kushona, anatazama kwa jicho moja, na mtu akikosea anasimamisha cherehani na kusema taratibu, "Sasa umejiua." Msichana hakutakiwa kusogea, kwa hiyo nilijifunza bao lile kwa masikio. Ningeliweka la kwanza kama wangenipa nafasi ya kucheza hata mara moja. Hawakunipa, basi wabaki hapo hapo.

La kwanza ni bao la bibi yangu. Na hili siwezi kukueleza utamu wake bila kukueleza siku lilipotutia hofu.

Bibi huyu ndiye mama yake mama. Aliishi kwenye nyumba yake ndogo, hatua chache kutoka kwetu, upande wa kule kupita Ntalikwa, kando kabisa ya njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe ilikuwa imebaki ufa mpana kwenye nyasi, lakini wazee waliisema kama barabara ya lami. Mbele ya nyumba yake, kwenye ardhi ngumu aliyoisiriba kwa udongo wa kichuguu, bibi alikuwa na mashimo yake, safu nne. Yeye aliliita isolo, kwa Kinyamwezi. Kete zilikuwa mbegu nyeusi za porini, zikiwa mkononi zinatoa mlio wa mvua ya kwanza kwenye majani makavu. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, jirani yetu, mzee mrina asali, Mgogo ambaye babu yake alikuja na msafara akaugua hapo, akapona, akaoa. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, basi matusi yao wakicheza yalikuwa burudani tosha. "Leo nakuzika," jirani anasema. Bibi anajibu, "Utanizikaje, na nyie Wagogo hata jembe hamna?" Sisi watoto tunabingirika kwa kicheko, huku bibi anatupa vipande vya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, bila kuinua macho kwenye mashimo.

Bao lao lilikuwa na mwiko mmoja. Likikatishwa na mvua au kazi, linafunikwa kwa ungo uliopinduliwa, jiwe juu, kuku wasidonoe, na linaendelea kesho. Lakini mtu hasafiri bao likiwa limefunikwa. Mwiko huo ulitoka kwa wapagazi. Baba yake bibi alikuwa mpagazi. Siku moja aliitwa asubuhi kubeba mzigo kwenda pwani, akaacha bao nusu na rafiki yake, akasema atalimalizia akirudi. Bibi alikuwa mtoto. Aliutazama ule ungo misimu na misimu. Baba yake hakurudi.

Sasa ikaja amri ya kuhamia vijiji vipya. Sisi tulipangiwa kijiji cha kaskazini. Jirani, kwa kuwa mwanawe alikuwa amekwisha kujenga kwingine, alipangiwa upande wa Nzega. Lori lililetwa mapema kuliko tulivyoambiwa. Ilikuwa purukushani, kuku wanafungwa miguu, paa zinaezuliwa ili miti ikajengee huko mbele, mama anatafuta kinu chake. Na bibi na jirani walikuwa na bao chini ya ungo.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo mtu wa leo hawezi kulifanya. Kwa mila zetu baba na bibi walikuwa mtu na mkwewe, na mkwe unamheshimu kwa kumkwepa. Baba hakuwahi kumtazama bibi usoni, wala kutaja jina lake, wala kula naye. Akimwona njiani anaingia porini apite. Kupanda naye lori moja, wakabanana kwenye magunia? Haiwezekani! Kwa hiyo ilieleweka, bila mtu kusema, kwamba baba akienda na safari ya kwanza, bibi atakuja na ya pili. Lakini lori likajaa, baba akashushwa, akaenda na ya pili. Sisi wa safari ya kwanza tulijua bibi yuko nyuma. Wa safari ya pili walipomwona baba kapanda, walijua bibi alitangulia. Na baba, masikini, hakutazama wala hakuuliza, maana kumuulizia mkwe ni aibu.

Tulikuwa tumeketi juu ya mizigo yetu kule kijijini, jua limeanza kulegea, mama akauliza, "Mama yangu yuko wapi?" Wa safari ya pili wakasema, "Si alitangulia nanyi?" Nakumbuka mama akauachia mchi uliokuwa mkononi mwake, ukamwangukia mguuni, na wala hakuhisi. Kule tulikotoka hakukuwa na mtu tena, wala paa. Simba wa pori lile walikuwa hawachelewi kugundua mahali palipohamwa. Na bibi alikuwa mzee wa magoti mabovu.

Baba akachukua baiskeli. Akafika mbali kidogo, akarudi, akaniambia, "Panda nyuma. Wewe ndiye utakayemtazama." Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa. Angemtafuta vipi mtu asiyeweza kumtazama wala kumwita? Mimi nilikuwa macho yake na mdomo wake. Nikaita njia nzima, "Bibi! Bibi wee!" huku baba anakanyaga pedali na kukohoa kwa nguvu, kile kikohozi chake cha kumjulisha mkwe kwamba anapita. Amekohoa mpaka sauti imekauka. Nilikuwa nimeshika shati lake kwa nyuma, limelowa jasho, na nilimsikia kati ya kikohozi na kikohozi anamwomba Mungu. Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akiomba nje ya kanisa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tulipofika kwenye mahame yetu nyumba zilikuwa kuta tupu zilizokaa wazi. Kimya. Nikashuka nikaanza kulia kabla sijaona kitu. Kisha nikasikia sauti ya mzee mwanaume: "Cheza basi! Unangoja lori likurudie?"

Walikuwa pale pale. Bibi kakaa na miguu kainyoosha, ungo pembeni, jirani kachutama mbele yake na mkuki wake wa porini kauegemeza begani. Naye alikuwa ameruka kutoka kwenye lori la kwao njiani, akarudi kwa miguu, kwa sababu hiyo hiyo ya bao lililofunikwa. Nikamrukia bibi shingoni, nikalia, nikacheka, sijui nilianza na kipi. "Taratibu, utanimwagia kete," akasema, lakini mkono wake mmoja ulinishika mgongoni ukanibana.

Nikakimbia nyuma ya ukuta kumwambia baba. Alikuwa amesimama amegeuza mgongo, ameshika baiskeli. "Yupo," nikasema. "Mzima. Wanacheza." Baba akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kanisani, akafuta uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza, "Limefika wapi?"

Basi nikawa mjumbe. Naenda natazama, narudi nasema: bibi kala nyingi upande wa kulia, jirani karudisha, bibi kabanwa. Baba anasikiliza akiwa amegeukia porini, anatikisa kichwa, na mara moja akasahau heshima akasema kwa sauti, "Ah, asingesogeza hiyo!" Kule mbele bibi akasikia. Akacheka kicheko cha chini, akajifunika kanga mdomoni. Nadhani ndiyo mara pekee walipowahi kuzungumza.

Jirani ndiye aliyemfunga. Bibi yangu hakupenda kufungwa hata kidogo, siku nyingine alikuwa ananuna hadi usiku. Siku ile alipiga makofi. "Umenifunga, mtani. Sasa nenda." Wakagawana kete, kila mmoja akafunga zake kwenye ncha ya nguo. Wakafukia mashimo kwa majivu ya jiko la bibi, jirani akamsaidia kuinuka, akashika njia ya kwao haraka haraka kabla jua halijazama. Sisi tukarudi: baba mbele kabisa na baiskeli, anakohoa tusimpoteze, mimi na bibi nyuma tunamfuata. Mama alitupokea njiani kwa vigelegele na mguu umevimba. Bibi akaomba ugali. Alikula sana, na sisi tulimtazama tu akila. Raha niliyokuwa nayo siwezi kuilinganisha na kitu.

Mwaka jana nilimwomba kijana wa bodaboda anipeleke kule. Ni mashamba ya tumbaku sasa, na upande mwingine pori limerudi. Ile njia ya misafara sikuiona, wala kichuguu, wala hata jiwe la mafiga. Kijana akaniuliza natafuta nini, nikamwambia hakuna. Isolo silioni likichezwa tena hata vijijini, na mashimo ardhini hakuna anayechimba.

Bibi na jirani hawakuonana tena. Huko vijijini safari zilikuwa ngumu, na miguu yao ilikuwa imekwisha. Msimu mmoja wa mavuno mtu mmoja alipita na baiskeli kutoka Nzega, akaleta habari kwamba yule mzee mrina asali amefariki. Mama alisita kumwambia bibi, akanituma mimi. Nilimkuta anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vibichi, juu ya jamvi. Nikamwambia. Akakaa chini, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Nilikuwa natafuta neno la kumpoza, lakini yeye ndiye aliyenishika mkono.

"Tulilimaliza, mjukuu wangu," akasema. "Lote."