Damu Inapelekwa Wapi

Juzi nilikuwa hospitali mjini Morogoro na binti yangu, homa imempanda. Alipotolewa damu aliniuliza inapelekwa wapi, akasogea hadi dirisha la maabara, mlinzi akamrudisha kwa upole. Nikauliza kama angeweza kuchungulia baadaye. Utaratibu hauruhusu, mama, akasema, na hakukosea. Sikuwa na nguvu ya kuuliza tena. Nilimpakata, nikamkumbuka bibi.

Unajua, na mimi niliwahi kuuliza hivyohivyo. Niliishi kwa bibi, juu huko Uluguru, ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni na moshi wa kuni unaunusa kabla hujauona moto. Siku hiyo nilikuwa nachambua maharage nikaanza kutetemeka. Bibi alinifunga khanga, akachukua ndizi za kuchemsha na chupa ya togwa, tukateremka na lori la mboga.

Hospitali ilinuka spiriti na dawa ya kudekia. Nilipokwisha kuchomwa kidole, nikakifuata kipande cha kioo kilichopakwa damu yangu hadi mlango ulioandikwa Usiingie, nikausukuma. Muuguzi alinikemea mbele ya watu wote. Bibi akamwomba radhi, akanirudisha kwenye benchi, akaninong'oneza: "Mlango umekatazwa, hatuingii. Kuuliza hakujakatazwa."

Akaenda kuuliza yeye. Muuguzi akamwambia tusubiri foleni iishe, labda mtu wa maabara atapata nafasi. Tukasubiri. Majibu yalipotoka nilipewa vidonge, nikavimeza kwa togwa, uchungu ukabaki kooni. Nje lori letu likapiga honi, likapiga tena, kisha tukalisikia likiondoka. Lilikuwa la mwisho siku hiyo.

Foleni ilipoisha tukaitwa. Mtu wa maabara akanipa masharti: mikono mgongoni, nisiguse kitu. Nikainamia hadubini. Niliona duara la mwanga, chembe nyingi za rangi ya waridi, na ndani ya baadhi yake vipete vya zambarau. Akasema hivyo ndivyo vijidudu vya malaria vinavyonitetemesha. Kisha akamkaribisha bibi, naye, bila kuambiwa, akaweka mikono mgongoni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Vidogo hivi," akasema, "ndivyo vilivyomchukua mwanangu?"

Nilikuwa na mjomba aliyefariki akiwa mdogo, kabla sijazaliwa. Nyumbani hatukumtaja.

"Huenda, bibi," mtu wa maabara akajibu taratibu. "Mara nyingi ndivyo."

Tulipanda mlima kwa miguu, mimi mgongoni mwake. Kila tulipopumzika nilisikia moyo wake ukidunda. Njiani alinisimulia habari za mjomba, alivyopenda kupiga mluzi, alivyowaogopa bata. Watu kijijini walikuwa wamemwambia mwanawe karogwa, naye bibi, akimshuku jirani mmoja, miaka yote hiyo alikataa kumsalimia. Kesho yake alfajiri alikwenda kubisha hodi kwa yule jirani. Sikuambiwa walisema nini. Niliwaona tu wamekaa kizingitini, wanamenya mihogo pamoja.

Bibi amekwisha kutangulia, na jirani pia. Nyumba imebaki msingi. Siku hizi majibu hutoka upesi, na hilo ni jema, wagonjwa ni wengi. Mimi mwenyewe hurudi nyumbani nimechoka hivi kwamba maswali ya mtoto nayasikia kwa mbali. Lakini usiku ule binti yangu alipopata nafuu nilimsimulia habari za mjomba. Mbali na sisi wawili, hakuna tena anayemfahamu.