Migomba ya Nyuma ya Bafu

Kila mwaka, Oktoba ikikaribia kwisha, wanawake wa kigango kimoja cha Kanisa Katoliki upande wa Ulaya, ile kata ya Kilosa, huchukua majembe na kwenda makaburini kupalilia. Tarehe mbili Novemba ni Siku ya Marehemu. Padre anakuja na pikipiki yake kubariki makaburi, na hakuna ukoo unaotaka akute babu yao amemezwa na magugu mpaka msalaba hauonekani. Ni siku ya ibada, lakini tusidanganyane, ni siku ya kutazamana pia: nani amepaka chokaa, nani ameleta maua ya plastiki kutoka Kilosa mjini, nani amewasahau wake.

Kati ya majembe hayo, la Selestina lilikuwa la kwanza kufika na la mwisho kuondoka. Alipalilia kaburi la baba mkwe wake, akimaliza anaingia la jirani, kisha la mzee mmoja ambaye ukoo wake wote ulihamia Morogoro. Watu walimsifu, wakasema Selestina ana moyo. Moyo alikuwa nao, lakini si huo uliomweka juani hadi saa nane. Selestina alikuwa na watoto wawili chini ya ardhi na hakujua ni ardhi ipi. Alipalilia makaburi ya wenzake kwa kuwa ya kwake hajawahi kuonyeshwa.

Kwao ni Mikumi, ambako mama yake aliuza chakula kando ya barabara kuu. Akaolewa na Boniface, mkulima wa mahindi na ufuta, mchapakazi wa maneno machache. Mimba ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka mwezi wa tisa. Uchungu ukamshika wakati masika yamekata barabara, akazalia nyumbani mikononi mwa wanawake watu wazima. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi, ila hakulia. Selestina aliziona zile nywele tu. Mama mkwe wake, Regina, alimviringisha mtoto katika kanga, akatoka naye kwa mlango wa nyuma, na jirani yao, Bibi Monica, akamfuata ameshika jembe.

Ndivyo walivyofanya akina bibi wa pale tangu zamani. Mtoto ambaye hakulia hana jina, na asiye na jina hana msiba. Wanaume hawachimbi, turubai halifungwi, kengele ya kanisa haigongwi. Mama haonyeshwi kaburi, wala halii kwa sauti, maana akilia, eti, atafunga kizazi.

"Nyamaza, mwanangu," Regina alimwambia. "Huyo alikuwa hajawa mtu. Mungu atakupa mwingine."

Siku ya tatu maziwa yakaja. Maziwa hayakuwa na habari kwamba mtoto hajawa mtu. Yalijaa, yakauma, yakalowesha blauzi, hadi Regina akamfunga kifua kwa kanga iliyokazwa ili yakauke. Selestina alilala akitazama ukuta na hakulia. Alitii, na kutii kwake huko alikuja kukujutia kuliko jambo lingine lolote.

Miaka miwili baadaye akapata wa pili, wa kike. Safari hii walimfikisha zahanati mapema, na bado mtoto hakulia. Akarudishwa nyumbani katika kanga, mlango wa nyuma ukafunguliwa tena. Selestina akajikaza akauliza, "Mama, mmewaweka wapi?"

"Hayo hayaulizwi," Regina akajibu.

Hapo ndipo Selestina alipoacha kumwamkia. Msomaji wa mjini huenda akaona ni jambo dogo. Pale, mtoto wa darasa la kwanza akimpita mtu mzima bila shikamoo huitwa arudi, na huulizwa ni wa nani. Yeye, mke wa mtu, alikuwa akimpita mama mkwe wake mlangoni na ndoo kichwani, anasema "umeamkaje" kama anaongea na rika lake, na siku nyingine hasemi kitu. Boniface alimsihi. Katekista Lucas alikuja mara mbili kumsihi. Akawaambia, "Heshima ni ya watu, na watoto wangu mimi si watu."

Kitu kingine kilimchoma kila siku bila mtu kukusudia. Wenzake walioolewa mwaka mmoja naye walikuwa sasa Mama Nickson, Mama Happiness. Yeye alibaki Selestina, kama msichana wa shule.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwa sababu ya migomba. Nyuma ya nyumba, kando ya bafu la mabua, palikuwa na kichaka cha migomba ambacho Regina alikipenda kupita kiasi. Ndizi zake zilikuwa ndogo, hata nyani hawakuzisumbukia. Lakini maji ya kuogea lazima yaelekezwe pale, jani lisikatwe hata la kufunikia chungu, na kuku wakichakura hapo bibi anawatimua kwa fimbo. Selestina aliona ni ubahili wa uzee. Siku moja, Regina akiwa kwenye sala za jumuiya, alichukua jembe ang'oe kichaka kile apande mchicha. Alikuwa amepiga kama majembe matatu Regina aliporudi. Yule mama wa miaka sabini alitupa rozari chini, akamrukia, wakang'ang'ania mpini.

"Nipige mimi," Regina alisema. "Usipige hapo."

Selestina akaliachia jembe, akafungasha nguo zake, na mchana huohuo akaenda kwa dada yake Mikumi. Watu walicheka wiki nzima kwamba mke wa Boniface ameondoka kwa sababu ya migomba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Dada yake, Costancia, alikuwa na mgahawa mdogo pale malori yanapoegeshwa baada ya kuvuka mbuga. Selestina alipika wali na maharage, akawasikiliza madereva wakieleza walivyokaa saa nzima kumsubiri tembo apishe njia. Kanisani hakwenda. "Mungu anajua walipo, na ameungana nao kunificha," alimwambia dada yake. "Mimi na yeye tusisumbuane."

Costancia hakubishana. Alikuwa mjanja, akaanza kumtuma kila Jumamosi apeleke chai na chapati kwa wanakwaya wanaofanya mazoezi. Selestina alikaa benchi la nyuma akisubiri chupa za chai zirudi. Sasa, wimbo ukirudiwa mara kumi na tano kwa kuwa sauti ya pili hawaushiki, hata mtu aliyenuna atajikuta anauimba akiosha vyombo. Aliimba, akakasirika, akaimba tena.

Kwaresima ilipofika, Padre wa pale Mikumi alikuwa akiketi Jumamosi kuungamisha. Foleni ikarefuka mpaka kwenye benchi la Selestina, na mtu wa nyuma akamgusa bega: "Dada, zamu yako." Angeweza kusema anasubiri chupa za chai. Hata leo hajui kwa nini alisimama akaenda.

Mambo ya kitubio padre hayasimulii. Haya ameyasimulia Selestina mwenyewe, tena akimenya vitunguu, kwa hiyo machozi yake mtu hawezi kuyatolea ushahidi. Alimwambia Padre kwamba anamchukia mama wa mume wake na anamwombea afe kabla hajasikia tena shikamoo yake. Akaeleza sababu. Padre akauliza, "Walikuwa wanaitwa nani?"

"Hawakuwa na majina, Padre."

"Wewe ulikuwa unawaita nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Swali hilo ndilo anawauliza yeye sasa wanawake wengine, akiitwa kwenye nyumba ambayo mtoto hakulia: anaketi ukingoni mwa kitanda, hamwambii mtu nyamaza, anauliza, "Ulikuwa unamwita nani?" Lakini siku ile aliyeulizwa ni yeye, na majina ambayo alikuwa akiyataja moyoni tu, akipanda ufuta tumbo likiwa kubwa, yalitoka kinywani kwa mara ya kwanza.

"Timotheo," alisema. "Na Upendo."

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka sita, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakasogea nje kwa heshima. Padre alimwacha alie. Kisha akamwambia kwamba Kanisa linawaweka watoto wa namna hiyo katika mikono ya huruma ya Mungu, na mikono hiyo haijawahi kumwangusha mtoto. Malipizi aliyompa yalikuwa mafupi: aende akamwamkie mama mkwe wake, halafu amuulize tena.

"Akikataa kunijibu?"

"Wewe utakuwa umemwamkia."

Hakutoka pale amepona. Alitoka na njaa, kitu alichokuwa amekisahau, akala chapati tatu zilizobaki. Jumapili alikwenda Misa, na Jumapili iliyofuata. Alianza kusali tena, mwanzoni kwa kugombana na Mungu, baadaye kwa kumweleza, na siku moja akajikuta amemshukuru kwa zile nywele alizoziona. Lakini malipizi yenyewe yalimchukua miezi saba, maana ile shikamoo ilikwama kooni. Boniface alikuwa akimpigia simu kila Jumapili, anamwambia mvua imenyesha au haijanyesha, basi. Mwisho wa Oktoba akamwambia, "Watu wameanza kupalilia makaburi," na Selestina akapanda gari kurudi.

Alimkuta Regina ameketi mkekani nje, anachambua maharage kwa kupapasa, kwani macho yalikuwa yameingia ukungu. Selestina akaweka mfuko chini, akapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

Mikono ya Regina ikasimama ndani ya ungo. "Marahaba, mwanangu," alisema baadaye. "Nilidhani nitakufa sijaisikia."

"Mama, mmewaweka wapi?"

Yule mama alinyanyuka kwa taabu, akamshika mkono, akamzungusha nyuma ya nyumba hadi kando ya bafu. Migomba ilikuwa imezidi kustawi.

"Mimi wangu wawili waliwekwa kando ya mto," Regina alisema. "Ndivyo ilivyokuwa, mahali pa ubaridi. Nami sikuambiwa, lakini niliwafuata wale bibi kwa kujificha, nikaona. Mafuriko yakaja yakachukua ukingo wote. Wako nikasema hawaendi mtoni. Hapa mto haufiki, na fisi hawezi kufukua nisimsikie. Maji yako ya kuoga yalikuwa yanawafikia kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopea kizazi chako. Nilifundishwa hivyo, na sikuwa na akili ya kupita hapo. Nisamehe."

Selestina aliketi kwenye tope la bafu na nguo zake za safari. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kumbe kwa miaka yote ile alikuwa akiishi nyumba moja na mwenzake asimjue. Akakumbuka kitu. "Mama, nilipiga jembe hapa."

"Ulipiga pembeni," Regina alisema.

Kama ilikuwa kweli au huruma, Selestina hakuuliza. Alimsamehe palepale, na akaomba kusamehewa, na wakakaa mpaka Boniface alipokuja kuwainua.

Wakataka watoto nao wabarikiwe Siku ya Marehemu. Kazi ikabaki kwa Katekista Lucas, mwenye orodha ya makaburi ya kubarikiwa. Alisema orodha ni ya makaburi, si ya mabafu, na hajawahi kusikia padre akibariki migomba. Bibi Monica, yule aliyeshika jembe mara zote mbili, ndiye aliyewaka zaidi. "Mkiwapa majina mtawaamsha," alisema hadharani, mbele ya kanisa. "Mabinti zetu watafunga vizazi, halafu mtatuuliza sisi." Wanawake wengi waliinamisha vichwa, na Selestina akajua kwamba Padre akikataa, wanawe watabaki ndizi tu machoni pa watu hadi mwisho wa dunia.

Tarehe mbili ilipofika, alisubiri mpaka kaburi la mwisho lilipobarikiwa, ndipo akamwendea Padre wa parokia, akapiga goti, akaeleza. Padre alitazama saa yake. Alikuwa na vigango viwili mbele.

"Ni mbali?" akauliza.

"Hapo tu, Padre."

Akaenda, amevaa shingoni stola yake ya zambarau. Katekista alimfuata na ndoo ya maji ya baraka akinung'unika, na nyuma yao nusu ya kigango, wengine kwa imani, wengine kwa umbea. Selestina alikuwa amepapalilia vizuri, ameweka msalaba mmoja wa mti. Padre akasimama mbele ya migomba, akauliza kama alivyouliza kwenye kila kaburi siku ile: "Hapa amelala nani?"

Selestina alifungua kinywa na hakuna kilichotoka. Alikuwa amefundishwa kunyamaza muda mrefu mno. Alitazama watu, akatazama chini. Padre alisubiri.

"Wajukuu zangu." Alikuwa Regina, ameegemea bega la Boniface, macho yake yenye ukungu yakitazama upande usio sahihi. "Timotheo na Upendo. Watoto wa Mama Timotheo, huyu hapa."

Padre akayataja majina yote mawili katika sala, akanyunyiza maji. Boniface, yule mtu wa maneno machache, alilia kwa sauti mbele ya wanaume wenzake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Watu walipoanza kutawanyika, Bibi Monica alikuwa bado amesimama palepale. Kila mtu alijiandaa kwa fujo. Alisogea mbele ya Padre, lakini alizungumza akitazama viatu vyake.

"Na mimi ninaye mmoja, Padre," alisema. "Yuko nyuma ya kwangu. Sasa angekuwa na miaka hamsini na mmoja."

Padre hakutazama saa. Bibi Monica akageuka, akamtafuta Selestina kati ya watu.

"Ila pana majani mengi," alisema. "Mama Timotheo, chukua jembe lako, twende."