Nilichora ramani ya Akagera, kijiji cha baba kikadhani kinahamishwa

Wakuu, salamu kutoka Kigali. Hii imenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta, kwenye ofisi ndogo pale Kabeza. Tukapata kazi ya ramani ya mbuga ya Akagera, ya kubandikwa mashuleni na kupewa watalii, watu wajue wanyama wako wapi na kwa nini tuwatunze.

Boss akataka niweke na mpaka wa zamani. Mbuga ilikuwa kubwa kuliko sasa, sehemu yake waligawiwa watu waliorudi kutoka uhamishoni. Nikauchora kwa nukta nyekundu.

Sasa, baba yangu anaishi huko huko. Alirudi na ng'ombe zake kutoka Karagwe, Tanzania, akapewa shamba. Wiki hiyo alikuwa kwangu Kibagabaga, kaja kupima presha hospitali. Akapita nyuma yangu, akasimama.

"Nyumba yangu iko wapi hapo?"

Nikamwonyesha. Ndani ya nukta nyekundu.

Chakula hakugusa. Mimi nikadhani ni dawa.

Kesho yake simu zikaanza. Majirani zake.

"Mwana wacu, mwanetu, ni kweli tunahamishwa?"

Kumbe mzee alishawapigia! Mmoja alikuwa kasimamisha hadi ujenzi wa zizi.

Nikaprint ramani, nikamchukua mzee, tukaenda kijijini kwake. Watu wakajaa uani. Nikaeleza kwamba mstari ni historia tu, hauhamishi mtu. Wakaisogelea ramani wajionee wenyewe.

Mama Zainabu, anayeuza maziwa kando ya barabara, akainamia karatasi.

"Tembo naona. Viboko naona. Na sisi?"

Nikaangalia. Nje ya uzio wa mbuga, pote peupe.

Mzee ndipo akafungua mdomo. "Mstari uache, si uongo. Ila tuandike na sisi."

Basi tukazunguka na simu yangu nikichukua location. Duka la Mama Zainabu, mizinga ya asali, bwawa la ng'ombe, njia waliyopita nyati kabla ya uzio. Kila mtu ana kitu cha kuonyesha! Mzee yuko mbele, presha kaisahau.

Boss alikataa mwanzoni. "Mtalii analipia simba, si maziwa." Tukabishana sana, mwisho akasema haya, tujaribu.

Juzi Mama Zainabu kanipigia. Wageni wawili walisimama dukani na ramani mkononi, wakanywa ikivuguto, maziwa yetu ya mgando, wakamuuliza mbuga inaanzia wapi.

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia zamani ilikuwa inaanzia hapa hapa mliposimama. Wakaangalia chini!" Alicheka mpaka simu ikakatika.

Nilichoondoka nacho: mtu asipojiona kwenye ramani ataiogopa, na huwezi kumwomba atunze kitu anachokiogopa.

Mnaoishi jirani na hifadhi, popote mlipo, kwenu wanyama walikuwa wanapita wapi? Na nani aliwaeleza mpaka? Andikeni hapa chini, nasoma zote.