Thumuni ya Mukantwari

Kosa lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mukantwari, mjane wa fundi cherehani Maneno wa Gitega, alikuwa amesimama mbele ya meza ya karani wa komini, yaani serikali ya mtaa, na karani huyo, Habiyaremye, alimuuliza kwa sauti ya kuchoka kama anajua kuandika. Hebu fikiria kumuuliza hivyo mwanamke wa Gitega aliyeuza vitambaa miaka kumi na tisa. Mukantwari alivuta kalamu mkononi mwa karani kabla hajamaliza.

Huo ulikuwa mwaka 1983. Fomu ilikuwa ya shamba la Masaka aliloacha marehemu, nayo ilitaka mambo mawili tu: jina la mrithi, na sehemu yake kwa virigile, yaani desimali, maana serikali haikutaka kusikia habari za robo na nusu. Shehe alikuwa ameshagawa mirathi kama dini inavyotaka: mke apate thumuni, yaani moja ya nane, na saba zilizobaki ziende kwa watoto. Watoto wenyewe hakuwazaa yeye. Uwamahoro, binti wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake Bizimana walikuwa wa mke wa kwanza wa Maneno, aliyefariki, na Mukantwari ndiye aliyewalea tangu yule mdogo hajaota meno. Yeye mwenyewe Mungu hakumjalia mtoto.

Nusu aliijua kuwa ni 0,5. Aliisoma kwenye pakiti za sukari kila siku. Thumuni akaifikiria kidogo. Thumuni ni nane, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Akaandika 0,8. Karani akatoa hiyo kwenye moja, akapata 0,2, akawaandikia watoto, akagonga kashe, ule muhuri wa komini. Mjomba wa watoto, Rutayisire, naye fundi cherehani, aliposomewa "ziro virigile nane" alitikisa kichwa kwa kuridhika. Amesikia nane, thumuni imetajwa, mambo yamekwisha. Waislamu watano waliokuja kushuhudia walikuwa mle ofisini na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Hofu ilikuja wiki iliyofuata, siku ya kupima. Agoronome, yule mtu wa komini wa mambo ya mashamba, alifika Masaka na kamba yake na vigingi viwili. Shamba lilikuwa na urefu wa mita themanini, kutoka barabarani hadi bondeni. Mukantwari alikuwa ameshalitembea mara nyingi akihesabu thumuni yake: mita kumi, migomba saba hivi, basi. Nyumba ingeangukia upande wa watoto. Jambo hilo lilimnyima raha tangu siku ya arobaini. Leo wanamwita mama. Kesho wakikua, na ndugu wa mama yao wakiwapigia maneno masikioni, watamwita nani? Atakwenda wapi na godoro lake?

Kamba ikapita mita kumi. Ikapita migomba, ikapita nyumba, choo na mparachichi. Agoronome akapiga kigingi kwenye mita ya sitini na nne, akajifuta jasho.

"Mwisho yako iko hapa, Mama," akasema. "Watoto iko na kumi na sita, kule chini kwenye maji."

Tusimsingizie utakatifu. Kwa muda ule agoronome alipokuwa akikunja kamba yake, Mukantwari alifurahi, tena sana. Aliiona nyumba ni yake, akajiona anazeeka ndani yake bila kumwomba mtu ruhusa. Halafu akatazama kule chini, kwenye kipande chenye tope ambacho hata maboga hayakukubali, akajua thumuni haiwezi kuwa kubwa hivyo.

Alasiri, Uwamahoro aliporudi shule, alimwita jikoni. Alijitahidi sauti yake iwe ya kawaida.

"Mwanangu, shuleni wanawafundisha kugeuza thumuni kuwa virigile?"

"Yego, Mama. Ni kugawa tu. Moja unaigawa na nane."

"Nionyeshe."

Msichana akachukua kipande cha mkaa, akaandika sakafuni. Moja haigawanyiki na nane, unaweka ziro na virigile. Unaongeza ziro, inakuwa kumi. Nane inaingia kwenye kumi mara moja, zinabaki mbili. Mbili inakuwa ishirini. Nane inaingia mara mbili, zinabaki nne. Nne inakuwa arobaini. Inaingia mara tano, hakibaki kitu. Aliandika bila haraka, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na kila tarakimu iliyotoka ilimshukia Mukantwari moyoni kwa uzito wake. 0,125.

"Sasa kama mtu ameandika ziro virigile nane?"

Uwamahoro alicheka. "Huyo amechukua karibu yote, Mama. Mwalimu angemchapa."

Mukantwari alifuta sakafu kwa kanga yake mwenyewe.

Siku tatu alikaa na jambo lile kifuani. Gari la komini likipita barabarani alijificha nyuma ya mlango, akiwa na hakika wamemfuata, kwani kudanganya karatasi ya serikali si mchezo, na nani angeamini kwamba mwanamke mfanyabiashara hajui hesabu? Akinyamaza, anakula mali ya yatima, na adhabu yake aliijua tangu chuoni, akiwa mdogo kuliko Bizimana. Akisema, huenda wakamfunga, na hata wasipomfunga atabaki na migomba saba. Zaidi ya jela na zaidi ya moto aliogopa siku Uwamahoro atakaposoma ile karatasi mwenyewe. Maana angeisoma. Mtoto anayejua kugawa hufika siku moja kwenye karatasi za nyumbani kwao.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya kutia sahihi kwenye kitabu kikubwa cha mashamba cha komini. Alhamisi asubuhi alikwenda komini kwa miguu.

Habiyaremye alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akafunga mlango, akachungulia dirishani, na Mukantwari akaelewa kuwa hapa wameogopa wawili.

"Mama, hii fomu iko na kashe. Iko na jina yangu," karani akasema kwa sauti ya chini. "Mkubwa yetu, burugumesitiri, akiona, mimi nafukuzwa. Nyamaza. Kesho weka sahihi, shamba kubwa iko yako. Nani analalamika?"

"Hakuna," Mukantwari akajibu. "Wenyewe ni watoto."

"Basi."

"Basi nipe karatasi nyingine, Karani, na kalamu."

Aliketi bila kukaribishwa. Akaandika moja, akaigawa na nane mbele yake kama alivyoonyeshwa, polepole, akihesabu kwa sauti. Karani aliifuata hesabu kwa ncha ya kalamu yake na alipofika mwisho alitukana kwa Kinyarwanda, bila kumtukana mtu. Kisha akamwekea sharti. Fomu itabadilishwa, lakini lazima kuwe na maelezo, na maelezo yatasema kwamba mjane alitoa habari za uongo kwa kusudi na kwamba karani aligundua. Bila hivyo, hakuna fomu.

"Wakinifunga?"

"Sijui, Mama. Labda hapana."

Karani hakudanganya, na Mukantwari alijua hakudanganya. Karani alipomaliza kuandika maelezo, yeye aliusoma ule uongo mara mbili. Alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya mwanamume mwoga, akatia sahihi.

Jumatatu agoronome alirudi na kamba yake, akinung'unika juu ya watu wasiojua wanachotaka. Kigingi kilipigwa kwenye mita kumi, katikati ya migomba. Uwamahoro, aliyekuwa ametoka shule, alisimama akitazama kigingi, kisha nyumba, kisha akahesabu hatua kati ya viwili hivyo. Mukantwari alimwona midomo ikicheza na akajua mtoto ameshamaliza hesabu.

"Yule mtu wa ziro virigile nane," Uwamahoro akasema, "alikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi."

"Na nyumba?"

"Ni yenu. Yako na Bizimana." Alingoja pale alipo, ndani ya mita zake kumi, na hakuwahi kuogopa hivyo mbele ya karani wala mbele ya Shehe.

Uwamahoro alihamisha mfuko wa madaftari kutoka bega moja kwenda jingine.

"Ufunguo uko na wewe, Mama," akasema. "Njoo ufungue, Bizimana ana njaa."

Mukantwari alivuka kigingi. Alifungua kufuli, akaenda moja kwa moja jikoni kuwasha moto.